Sanduku la sandiblasti nyumbani: shida sio sanduku, shida ni hewa

Swali limetoka kwa kijana wa Muyeye, Malindi: "Shikamoo fundi. Nina Vespa ya zamani naitengeneza pole pole, na baba ana boti yenye autobodi (injini ya nyuma ya boti) ya HP 40. Nataka kuweka sanduku la sandiblasti kwa gereji ya nyumbani. Kompresa ninayo, lita 50, HP 2. Fundi wa mtaani anasema atanitengenezea sanduku kwa pipa la mafuta na mchanga nichote tu ufukweni, Malindi mchanga ni bure. Itawezekana? Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Kwa wasiojua, sandiblasti ni kupiga chenga, yaani punje ngumu kama za mchanga, kwa bunduki ya hewa ya kompresa zitoe kutu na rangi kwenye chuma, na sanduku ni la kufungia kazi hiyo ndani vumbi lisisambae, mikono unaiingiza kwa glavu. Inawezekana, tena gereji ya nyumbani ndio mahali pake, lakini hiyo mipango umeianzia mkiani. Kila anayeniuliza habari hizi anaanza na sanduku, liwe kubwa kiasi gani, kioo kikae wapi, glavu zipatikane wapi, na sanduku ndio kitu rahisi kuliko vyote, hata la plaiwudi lafanya kazi na wako watu wanapigia kabureta humo humo na hawana shida. Kazi yenyewe inafanywa na hewa. Hewa ikiwa chache hutatoa kutu, ikiwa na maji hutatoa chochote kabisa. Hayo mawili ndio ntakaa nayo sana, mengine ntapita mbio. Ila kwanza tumalize habari ya mchanga wa ufukweni manake hapo fundi wako amekupoteza vibaya.

Mchanga wenu wa Malindi unaletwa na mto Sabaki kutoka bara huko, ndio maana bahari inageuka rangi ya chai mvua ikinyesha juu, na mchanga wa mto mwingi wake ni silika. Ukiupiga kwa presha ya 80 PSI (paundi kwa kila inchi ya mraba) kila punje inapogonga chuma inavunjika, na vumbi linalotoka ni dogo kiasi huwezi kuliona, linashuka mpaka chini kabisa kwenye pafu na halitoki tena. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi na hauna dawa. Pafu linafanya makovu kidogo kidogo mpaka mtu anashindwa kupanda ngazi ya nyumba yake, na kwa wapiga mchanga unaweza kuja ndani ya miaka michache tu sio lazima uzeeke nao. Uingereza walikataza mchanga kwenye kazi hii kwa kanuni za 1949, Marekani taasisi yao ya afya kazini, NIOSH, ikapendekeza upigwe marufuku mwaka 1974, na 1997 IARC, wale wa utafiti wa saratani walio chini ya WHO, wakaliweka vumbi la silika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Na usiniambie sanduku limefungwa, hakuna sanduku la nyumbani lisilovuja, na ukishalifungua kutoa kitu vumbi lote liko pale linakusubiri.

Najua kuna mtu atakwambia basi enda Watamu, ule mweupe ni wa matumbawe hauna silika. Ni kweli mwingi wake ni chokaa ya matumbawe na makombe, lakini hakuna aliyeupima ukahakikishwa hauna kitu kingine, na hata ungekuwa safi ni laini mno kwa kutu, unasagika unakuwa unga hapo hapo na huoni kitu ndani ya sanduku. Halafu una chumvi. Mchanga wowote wa ufukweni una chumvi hata ukiuosha vipi, sasa unachukua chuma unakisugua chumvi kwa nguvu ya kompresa kisha unakipaka rangi juu, hiyo rangi itavimba malengelenge kabla mwaka haujaisha. Kwa hivyo mchanga wa bure uwachie wanaojenga, na hata wao wenye akili wa baharini hawautaki.

Haya, hewa.

Kompresa yako ya HP 2, lita 50, nzuri kwa kujaza tairi na kupulizia vumbi, hata kupaka rangi kitu kidogo. Kwa sandiblasti ni ndogo, na ntakuonyesha kwa hesabu usidhani nakutia hofu tu. Tunachoangalia sio ukubwa wa tangi wala PSI iliyoandikwa kwa stika, ni CFM, yaani futi za ujazo za hewa kwa dakika ambazo kompresa inaweza kutoa bila kuchoka. Kwa kukadiria, kila HP moja inakupa CFM tatu mpaka nne kwenye presha ya 90. Yako basi ni sita hivi ikiwa mpya na mwenye duka ni mkweli. Sasa angalia upande wa bunduki. Bunduki ya kawaida ya sandukuni ina kijitundu cha hewa ndani, tukiite jeti, na hicho ndicho kinachoamua unakula hewa kiasi gani. Jeti ya milimita 2 kwa PSI 80 inakula CFM kama 8. Ya milimita 2.4 inakula 12. Ya milimita 3 inafika 18. Ukiongeza milimita moja tu matumizi yanazidi mara mbili, na bunduki nyingi za bei rahisi zinazouzwa zimekuja na jeti kubwa kwa sababu inaonekana ina nguvu dukani.

Tuseme umefunga jeti ya 2.4 kwenye hiyo lita 50 yako. Unaanza na PSI 115, unapiga, na ikishuka chini ya 80 kazi inakufa. Hewa iliyoko hapo katikati ni kama lita 120, futi za ujazo nne na kitu. Unatumia 12 kwa dakika, pampu inarudisha 5, umebaki na sekunde thelathini na kitu za kazi, kisha unasimama karibu dakika nzima ungoje ijae. Rimu moja ya Vespa itakula mchana wako wote, na kompresa yenyewe haikuumbwa kufanya kazi bila kupumzika, hizi ndogo za kuunganishwa moja kwa moja na mota zinataka kupumzika nusu ya muda. Utaiua.

Kama hujui kompresa yako inatoa ngapi hasa, usiangalie karatasi, ipime. Fungua tangi hewa yote itoke, funga, washa, shika saa ya simu uone inachukua muda gani kufika bari 8, yaani PSI 115 hivi. Chukua lita za tangi zidisha kwa nane, gawa kwa dakika, hizo ni lita kwa dakika, gawa tena kwa 28 upate CFM. Lita 50 ikichukua dakika mbili na nusu ni lita 160 kwa dakika, yaani 5.7 hivi. Na hiyo ni wastani tangu tangi likiwa tupu, ukifika kwenye presha ya kazi huwa chini kidogo.

Kwa hivyo una njia mbili. Njia ya kwanza, ubaki na kompresa yako ufunge jeti ya milimita 2 na ukubali kupiga vitu vidogo tu, kabureta kwa nje, mabano, bolti, vifuniko, na kungoja kungoja. Wala si vibaya kuanza hivyo, wengine wanaridhika hapo hapo. Njia ya pili ni kutafuta kompresa ya mkanda, HP 3, tangi la lita 150 mpaka 200, inayotoa CFM 10 kweli kweli. Hiyo na jeti ya 2.4 utapiga dakika saba nane mfululizo kabla presha haijaanza kulia, na mkono wako utachoka mapema kuliko kompresa. Ukipata ya mtumba angalia tangi kwa chini, lifungulie maji uone yanatoka rangi gani. Yakitoka mekundu mazito tangi linaliwa na kutu ndani, achana nalo hata kama pampu ni nzima. Na valvu ya usalama ivute kwa mkono uone inafunguka. Tangi likipasuka halitoboki tu, linararuka. Kwa sababu hiyo hiyo yule fundi akikwambia atakutengenezea chungu cha presha kwa mtungi wa gesi, ili mchanga usukumwe badala ya kuvutwa, mwambie asante. Ni kweli chungu kinapiga kwa nguvu zaidi, lakini nozeli ya robo inchi inataka zaidi ya CFM 80, huna stima ya hiyo na sitaki kusikia umesimama karibu na mtungi uliotobolewa na kuchomelewa.

Tukitaja stima. Kompresa ya HP 3 ya fezi moja inakula ampea 13 mpaka 14 ikikimbia, na ikianza kuzunguka inavuta mara tano sita ya hiyo kwa sekunde kidogo. Soketi ya kawaida ya nyumba ni ampea 13. Kwa hivyo usichomeke kwenye soketi ya friji ukitarajia heri, mwambie fundi wa stima akuvutie waya yake peke yake kutoka kwenye boksi kuu, milimita 4, na brika yake ya ampea 20 ya aina ile isiyoruka mota ikianza. Na ekstensheni ndefu nyembamba usitumie kabisa. Jioni kila mtu akiwasha vitu vyake stima hushuka, utasikia mota inanguruma haizunguki, zima hapo hapo, ndio namna kapasita na koili zinavyoungua. Tokeni uhesabu karibu uniti tatu kwa saa ya kukimbia.

Sasa maji. Hapa ndipo watu wa pwani tunapoachana na wale wa Nairobi, na ndio sababu maelezo mengi ya sandiblasti utakayoyasoma hayatakufaa kama yalivyo. Hewa ya Malindi na Lamu imejaa unyevu mwaka mzima. Ukichukua hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, kila mita ya ujazo imebeba gramu 24 hivi za maji. Kompresa ya CFM 10 inavuta mita 17 kwa saa. Ukiibana hewa hiyo mara nane halafu ikapoa, haiwezi tena kubeba maji yale, inayaangusha, na hesabu yake inatoka karibu theluthi moja ya lita kila saa. Chupa nzima ya soda, kila saa, inaingia kwenye mfumo wako na lazima itoke mahali. Usipoitoa wewe itatokea kwenye bunduki, chenga zinalowa zinashikana kama sukari iliyopigwa na mvua, bunduki inatema, inakohoa, inanyamaza. Asilimia kubwa ya wanaosema sandiblasti yangu mbovu, ubovu wenyewe ni maji.

Kosa linalofanyika kila mahali ni kufunga kichujio cha maji pale pale kwenye kompresa. Hewa inayotoka kwa kompresa ni ya moto, maji bado ni mvuke, yanapita ndani ya kichujio bila salamu, yanaenda kupoa mbele ndani ya hosi na kugeuka matone. Kichujio lazima kikae mwisho, karibu na sanduku, hewa ikiwa ishapoa. Na ili ipoe ipe njia ndefu. Chukua paipu ya chuma ya nusu inchi au robo tatu, ipandishe ukutani, ishushe, ipandishe, ishushe, kama mita tano sita mpaka kumi kwa jumla, kila inapogeukia chini weka kimkia cha kushuka chenye koki chini yake, maji yanajikusanya humo unayamwaga. Paipu iinamie kidogo upande maji yanakokwenda. Unapotoa tawi la kwenda kwa sanduku litoe juu ya paipu lipinde lishuke, usilitoe chini, ukilitoa chini umeyakaribisha maji mwenyewe. Halafu ndio kichujio, rigaleta ya kupunguzia presha na geji ya kuisomea, kisha hosi fupi. Shaba ni bora zaidi kwa kupoza lakini bei yake unaijua.

Paipu ya PVC usitumie. Najua ni rahisi na imejaa kwa maduka ya vifaa vya ujenzi, na utamwona mtu anayo miaka haijamfanya kitu. Plastiki ile ikichoka na joto la mabati haivuji, inalipuka vipande vyenye ncha, na maji yanayopita kwenye mabomba ya nyumba ni tofauti kabisa na hewa iliyobanwa.

Tangi limwage maji kila ukimaliza kazi, sio kila wiki. Na kompresa yenyewe iweke wapi? Nje ya chumba chenye vumbi, chini ya kibanda, upande usiopigwa na kusi moja kwa moja, manake upepo wa kusi unabeba chumvi na kompresa inaila yote. Ila kuwe na nafasi hewa izunguke, kompresa inayopumua hewa ya moto inatoa maji mengi zaidi na inakufa mapema. Na vile unashughulika na Vespa na autobodi, mitungi ya petroli iondoe kabisa karibu na mota, brika na vakyumu, ile mashine ya kuvutia vumbi. Cheche moja tu.

Sanduku sasa, haraka haraka. Pipa la mafuta linafanya kazi lakini mimi silipendi, ni jembamba, mikono inagongana ndani, na tumbo lake la mviringo chenga zinalala badala ya kuteremka. Kama fundi ana mashine ya kuchomelea mwambie akuundie kwa anglaini ya inchi moja na shiti ya geji 16, upana sentimita 90, kina 60, urefu 60, hapo kaji (ganda la nje) ya injini ya Vespa itaingia na rimu itageuka bila kugusa kuta. Chini yake hopa, yaani faneli ya kukusanyia chenga, kuta zake zisimame angalau nyuzi 45, ikiwezekana 60, ukizilaza utakuwa unapiga sanduku teke siku nzima chenga zishuke. Juu ya hopa weka wavu wa chuma wenye matundu ya kutosha chenga zipite bolti isipite. Mlango uweke ubavuni, uwe na raba nene pande zote na kufuli mbili za kukaza. Matundu ya mikono sentimita 15 mpaka 20, chukua vipande vya bomba la choo la inchi 6 uvibane hapo, glavu ndefu za raba zivishwe juu yake na klipu. Kabla hajatoboa simama mbele ya shiti ukunje viwiko, tundu likae mikono inapokaa yenyewe. Watu wanatoboa kwa kukisia na baada ya nusu saa mabega yanawaka moto.

Kioo kitaliwa, hilo halina mjadala, kwa hivyo kisiwe kitu cha kukusikitisha. Weka kioo cha kawaida cha milimita 5 au 6, kwa ndani bandika karatasi ya plastiki angavu, ikiingia ukungu ibandue weka nyingine. Taa iwe ya LED ya volti 12, mbili, kila pembe moja, usilete 240 ndani ya sanduku la chuma lenye mikono yako. Na sanduku lifungwe waya wa ethi pamoja na bunduki. Chenga zikipita kwa kasi ndani ya hosi zinazalisha stima ya kujisugua, haitakuua lakini itakupiga kila dakika mpaka uchukie kazi.

Ndani ya sanduku lazima hewa ivutwe nje. Bunduki inaingiza hewa muda wote, isipokuwa na pa kutokea itajitafutia kwenye kila ufa na vumbi litakuja nalo. Vakyumu ya karakana inatosha, sio ya kufagilia zulia ile, mota yake haitamaliza mwezi. Katikati ya sanduku na vakyumu weka ndoo ya kuzungushia vumbi, hewa inaingia kwa ubavu, vumbi zito linaanguka ndoo, jepesi ndio linafika kwa kichujio. Upande wa pili wa sanduku acha tundu la kuingizia hewa, ulifunike kwa kipande cha bati mbele yake ili chenga zisiruke nje. Ukivuta bila tundu hilo glavu zitajaa upepo zikusimamie kama mikono ya mtu mwingine na hutaweza kukunja kidole. Mdomo wa kuvutia ukae juu na uwe na kizuizi, usipoweka vakyumu itameza chenga zako nzuri pamoja na vumbi. Barakoa bado uvae, ya raba yenye vichujio vya P3 vya kufunga pembeni, hasa unapofungua mlango na unapomwaga ndoo. Zile za kitambaa zilizobaki za korona sio barakoa kwa kazi hii.

Chenga za kupigia. Garneti namba 80 ndio ya kuanzia, inatoa kutu na rangi, haivumbi sana, inarudi kazini mara kadhaa. Wanaitumia pia wale wa kukata mawe na chuma kwa maji ya presha, kwa hivyo ukiuliza Mombasa usiulize maduka ya rangi peke yake. Alumini oksaidi ni kali zaidi na inadumu zaidi, wachongaji wa vioo na mawe ya makaburi wanaijua, nzuri kwa kutu sugu ila bei iko juu. Shanga ndogo za kioo ni za alumini, hazikwangui sana, zinagongagonga tu na kuacha ile sura ya hariri, kutu nzito haziwezi. Kilo 10 mpaka 15 zatosha sanduku hilo. Usichanganye, na usipige chuma na alumini kwenye vumbi lile lile bila kusafisha sanduku na ndoo, vumbi la alumini likichanganyika na la kutu likapata cheche ni moto usiozimika kwa maji. Vifuu vya nazi vilivyosagwa navyo vinatumika duniani kama chenga laini za kutoa rangi bila kuumiza chuma, kwa hivyo ukipata mtu mwenye mashine ya kuvisaga Malindi nzima ni ghala lako, mimi sijamwona bado.

Unapopiga, kitu kwanza kiwe safi na kikavu. Grisi ikiingia humo umeharibu chenga zote. Cha autobodi kioshe kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, kisha tena, kisha kikauke juani, manake chumvi iliyojificha kwenye vishimo vya kutu haitoki kwa kupigwa, inakandamizwa ndani. Shika bunduki umbali wa shibiri, uilaze kidogo, usiielekeze wima. Ukipiga wima chenga zinarudi zikakutana na zinazokuja na kioo chako kinapata mgao wake. Chuma kinene PSI 80 na garneti. Alumini shuka mpaka 40 au 50 na shanga za kioo. Shiti ya bodi ya Vespa usiipige katikati kwa nguvu, itajipinda ifanye mawimbi na hutairudisha, vitu vyembamba uvifanye kwa dawa ya kutoa rangi na msasa. Viatu vya breki na kilachi usivipige kabisa, vya zamani vinaweza kuwa na asbesto. Rangi za zamani nazo zinaweza kuwa na risasi, kwa hivyo vumbi la Vespa hiyo usilimwage uani wanapochezea watoto, na nguo za kazi zisifuliwe na za nyumbani.

Injini sasa nisikilize vizuri. Kaji ya nje piga, ipendeze. Ndani usipige. Mashimo ya mafuta, viti vya beringi, nyuzi za bolti, uso wa gasketi, yote ziba kwa raba na tepu nene, bolti za zamani zifunge kwenye nyuzi zake zikae kama vizibo. Punje moja ya kioo iliyojificha kwenye tundu la mafuta itasubiri mpaka siku injini imepata moto, itoke, iende kwa beringi, na hapo umepoteza kila shilingi uliyoiweka. Ukimaliza osha kwa maji moto na sabuni, pulizia kila tundu kwa hewa, osha tena. Kabureta hivyo hivyo, nje tu.

Kitu kikishatoka sandukuni ni uchi. Chuma kilichopigwa kikawa cheupe, huku kwetu, unaweza kukiona kinapata wekundu siku hiyo hiyo, msimu wa mvua hata kabla hujamaliza chai. Usikishike kwa mikono mitupu, jasho lina chumvi, alama ya kidole itatokea chini ya rangi baadaye. Kipulizie, kifute, na praima ipakwe hapo hapo, epoksi au ile yenye zinki kwa chuma, kwa alumini tumia praima ya alumini sio redi oksaidi. Kwa hiyo usipige vitu vingi asubuhi ukisema utavipaka jioni, piga vya saa moja, paka, rudi. Kipindi cha kaskazi jua likiwa kali ndio kazi hii inakwenda vizuri, mwezi wa tano mvua zikiwa zimekaza afadhali ufanye mambo mengine ya Vespa.

Propela ya mzee usianze nayo kujifunzia. Ni ya alumini, kingo zake nyembamba, ukiziumiza au ukitoa nyama upande mmoja zaidi ya mwingine boti itatetemeka na beringi za chini zitalipa. Ukifika wakati wake, shanga za kioo, PSI 40, bunduki isikae mahali pamoja, na kabla ya kuirudisha itie kwenye fito ya chuma ya mviringo uone inazunguka bila upande mmoja kuanguka kila mara.